Je, Wajua? Siri za Pikapu Kuukuu za Dizeli

Soko la Chepilat liko mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, kwenye barabara ya Sotik kwenda Keroka. Ndizi, maziwa, kabichi na majani ya chai hupita hapo kwa pikapu, na nyingi kati ya hizo zimemzidi dereva wake umri. Ukiona namba ya K isiyo na herufi ya mwisho, jua gari hilo lilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA kuanza mwaka 1989.

Je, wajua kwamba karibu kila pikapu kuukuu unayoiona huko imezeekea papa hapa nchini? Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa na zaidi ya miaka minane. Na nyingi hazikuja zikiwa nzima. Zililetwa kwa vipande, zikaunganishwa Thika, Mombasa au Nairobi. Kiwanda cha Isuzu kilichoko barabara ya Mombasa, Nairobi, kilianza kuunganisha magari mwaka 1977 kikiitwa General Motors. Jina la Isuzu East Africa kililipata mwaka 2017, Wajapani waliponunua hisa za Wamarekani.

Je, wajua kwa nini injini ya dizeli haina plagi za moto? Hewa ikibanwa ghafla hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma vidole. Injini ya Toyota 3L huibana hewa hadi sehemu moja ya 22 ya ujazo wake. Joto linapita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Shida ni alfajiri ya nchi ya chai, chuma kinapokuwa baridi na kulinyonya joto hilo kabla dizeli haijafika. Ndiyo kazi ya zile hita plagi, na ndiyo sababu wenye pikapu zilizochoka hulaza gari mtelemkoni. Isuzu yenye injini ya 4JA1 hushika upesi zaidi asubuhi, kwa sababu dizeli humwagwa moja kwa moja juu ya pistoni wala haipiti kwanza kwenye kijichumba cha pembeni kinachopoteza joto.

Je, wajua kwamba Peugeot ilijijengea jina Afrika Mashariki kwa magari ya petroli? Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na ule wa 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mkulima aliyesikia habari hizo redioni hakuuliza kama gari la mashindano lilinywa petroli au dizeli, alinunua jina. Injini za dizeli za pikapu za Peugeot zilitoka Indenor, kampuni dada ya Peugeot yenye chimbuko lake mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Ile ya lita 2.3 ilifungwa pia kwenye Ford Sierra za Ulaya, na Mahindra ya India nayo ilitumia injini za ukoo huohuo kwenye jipu zake.

Sasa tuje kwa Toyota, na hapa nitawaudhi wengine. Je, wajua kwamba sifa ya Hilux kutokufa imetiwa chumvi kidogo? Ni kweli, mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha Uingereza kilichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, kikaizamisha baharini, kikaichoma moto na kuiweka juu ya ghorofa lililobomolewa kwa baruti, na bado ikawaka. Lakini injini ya Toyota 2L-T, yenye taabo, ilijulikana kote kwa kupasuka silinda hedi. Hata 2L, 3L na 5L zisizo na taabo zina kitu ambacho fundi yeyote atakuonyesha kwa kidole: taiming belti ya mpira. Ikikatika gari likiwa mbioni, pistoni hugonga valvu na safari huishia hapo.

Toyota walijua hatari hiyo, wakaweka taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Je, wajua kwamba taa hiyo haijui lolote kuhusu belti? Hakuna kifaa kinachoichungulia belti. Taa imefungwa kwenye mita ya kilomita. Zikitimia 100,000 inawaka. Sasa fikiria pikapu ya shamba ambayo waya wa spidomita ulikatika miaka iliyopita na hakuna aliyejali, maana nani anahitaji kujua mwendo wake kwenye barabara ya matope? Mita imekufa, taa haitawaka kamwe, na belti inaendelea kula umri wake gizani. Ukinunua gari la namna hiyo, usimwulize mwenyewe belti ilibadilishwa lini. Badilisha.

Je, wajua kwamba Kericho maji huchemka kabla ya nyuzi 100? Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, yanatokota yakifika nyuzi 93. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha redieta. Springi yake huyafungia maji kwa shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 au zaidi. Springi ikilegea, au mtu akiziba mdomo wa redieta kwa kitambaa na mpira wa tyubu, faida hiyo yote inapotea, na gari lenye gunia za kabichi litachemsha kwenye mwinuko wa kwanza. Kutoka hapo ni gasketi, kisha hedi. Nimeona watu wakinunua redieta nzima kwa sababu ya kifuniko. Kuna na ile tabia ya kung'oa thamostati ati huku si Ulaya. Kwenye injini ambazo thamostati ina valvu mbili, ya pili huziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kuiona redieta, na gari ulilotaka lipoe linazidi kuchemka.

Mwinuko huohuo ndio mzazi wa moshi mweusi. Hewa ya huku ina uzito wa karibu nne ya tano ya hewa ya Mombasa, lakini pampu kuukuu humwaga dizeli ileile. Dizeli iliyokosa hewa haiungui yote. Inatoka nyuma ikiwa masizi.

Je, wajua kwamba injekta pampu nyingi za pikapu hizi hazina oili yao? Hulainishwa na dizeli inayopita ndani. Ndiyo maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzila taratibu: gari linatembea vizuri tu, hata mwenyewe anafurahi, huku chuma kikisuguana na chuma. Uchanganyaji ulipozidi, mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Aliyeumia papo hapo ni mwenye koroboi.

Spea? Injini ya Isuzu 4JB1, dada mkubwa wa 4JA1, imetengenezwa China kwa leseni kwa miaka mingi, kwa hiyo pistoni na ringi zinapatikana. Zote mbili zina slivu zinazotolewa na kupachikwa mpya, kwa hiyo oveholi hailazimu bloku kwenda kuchongwa upya.

La mwisho, hili lijue kabla halijakupata. Injini ya dizeli iliyochoka inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta. Inanguruma peke yake, mwendo unapanda, moshi mweupe au wa buluu unafunika barabara, na ukizima ufunguo haisikii, kwa sababu haihitaji tena pampu. Ikiwa gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia ya juu kabisa na uachie klachi; injini italemewa na kuzima. Ikishindikana, inyime hewa: ziba mdomo wa bomba la kuvutia hewa kwa ubao au kitu kigumu, wala usitumie kiganja chako.