Msingi wa tovuti ni bure, matunzo yana bei

MFANYABIASHARA anayemlipa mtaalamu wa kompyuta amtengenezee tovuti huonyeshwa sura peke yake: vitufe, fomu ya kuagizia na orodha ya bei. Yaliyo chini ya sura hiyo mara nyingi haonyeshwi, na huko ndiko fedha zake zinakoweza kupotelea.

Wataalamu wengi siku hizi hujenga tovuti kwa vipande. Kitufe cha kununulia ni kipande, kisanduku cha kutafutia bidhaa ni kipande, na kadi yenye picha na bei ni kipande pia. Kipande kikitengenezwa mara moja hutumika katika kurasa zote, hivyo muda wa kazi hupungua. Utaratibu huu ulishika kasi baada ya kampuni ya Facebook ya Marekani kuitoa maktaba yake ya React kwa umma mwaka 2013.

Ili asianze na karatasi tupu, mtaalamu huchukua mradi wa kuanzia, yaani kiunzi kilicho tayari. Kinachotumika sana ni Vite, kilichoanzishwa na Evan You mwaka 2020. Mtaalamu huweka kwanza programu ya Node.js, kisha huandika amri ya npm create vite@latest. Huulizwa jina la mradi na maktaba anayoitaka. Amri ya npm install hushusha vifurushi vinavyohitajika kutoka ghala la npm, na npm run dev huionyesha tovuti katika kompyuta yake. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haina malipo.

Hata hivyo, bure hiyo ina masharti. Vifurushi hivyo huandikwa na watu walio sehemu mbalimbali za dunia, wengi wao bila ujira, na kifurushi kimoja huweza kutegemea vingine vingi. Machi 2016 mtunzi mmoja aliondoa ghalani kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikakwama hadi kiliporudishwa. Septemba 2025 mtunzaji mwingine alilaghaiwa kwa barua pepe ya uongo. Vifurushi 18, vikiwamo chalk na debug, vikatiwa programu ya kuiba fedha za kidijitali. Matoleo hayo mabovu yalikaa ghalani kwa saa chache kabla ya kuondolewa.

Kiunzi chenyewe nacho huzeeka. Create React App, kilichotolewa mwaka 2016 na kutumiwa na wengi, kilitangazwa Februari 2025 kuwa kisitumike tena kwa miradi mipya, kwa kuwa hakikuwa na watu wa kukitunza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mradi wa namna hii una madaftari mawili. La kwanza, package.json, huorodhesha vifurushi vilivyoagizwa, lakini mara nyingi kwa masharti mapana: alama ya ^ mbele ya namba huruhusu toleo jipya zaidi kuingia, mradi namba kuu isibadilike. La pili, package-lock.json, huandika toleo halisi la kila kifurushi pamoja na alama ya kuthibitisha kwamba kilichoshushwa ndicho kilichokusudiwa. Mtaalamu akitumia amri ya npm ci, huletewa yaliyoandikwa humo tu. Madaftari yasipolingana, kazi husimama. Aliyekuwa na daftari hilo la pili na kulifuata Septemba 2025 hakuletewa toleo bovu kwa bahati mbaya.

Kabla ya kulipa fungu la mwisho, mwenye biashara anashauriwa kudai mambo manne. Kwanza, mafaili yote ya mradi, yakiwamo madaftari hayo mawili. Pili, orodha ya leseni: leseni ya MIT, ambayo React iko chini yake tangu 2017, inaruhusu matumizi ya kibiashara, lakini haitoi dhamana yoyote. Tatu, matokeo ya amri ya npm audit, ambayo hulinganisha vifurushi na orodha ya kasoro zinazojulikana. Nne, makubaliano ya maandishi kuhusu nani atabadilisha vifurushi vilivyozeeka, mara ngapi kwa mwaka na kwa bei gani.

Mwekezaji anayetaka kuingiza fedha katika kampuni ndogo inayouza kwa njia ya tovuti naye aulize maswali hayo hayo. Kampuni inayoshindwa kuonyesha daftari la vifurushi vyake ina deni la matengenezo ambalo halimo katika mizania, na atakayelilipa ni mwenye hisa.