Ukurutu Hauambukizi: Nasaha kwa Watu Wazima na Jamaa Zao

Mwaka mmoja, katika darasa letu la watu wazima linalosomwa baada ya Isha, alikuwamo mwashi mmoja, mtu wa makamo, mwenye adabu na bidii. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka na kutoka majimaji. Katika mwezi wa Ramadhani ilipoletwa sinia ya futari, wenzake wawili walijitenga naye. Nasi walimu wake tukamtilia chakula chake katika sahani ya peke yake, tukidhani kuwa tumefanya hekima. Hakusema neno. Usiku wa pili hakuja, wala wa tatu.

Kosa lile lilikuwa letu, na asili yake ilikuwa ujinga. Kwa hiyo tumeona yatupasa kuwaeleza ndugu zetu, wazee kwa vijana, habari ya maradhi haya yaitwayo ukurutu, ambayo wengi huyaita pumu ya ngozi.

Jambo la kwanza: ukurutu hauambukizi. Hauambukizi kwa kupeana mikono, wala kwa sinia, wala kwa kata ya maji ya udhu. Twajua kwa nini wazee wetu huogopa maradhi ya ngozi, kwani hapa karibu na Dodoma, huko Hombolo, palikuwa na kituo cha wenye ukoma. Lakini baka la ukoma aghalabu haliwashi, tena hupotewa na hisia. Ukurutu huwasha hata mtu akakosa usingizi. Ama ikiwa watu wote wa nyumba moja wajikuna usiku, yamkini huo ni upele. Upele ndio uambukizao, na wote watibiwe kwa pamoja.

Ukurutu ni nini basi? Ngozi yetu ni mfano wa ukuta wa tembe. Udongo ukiwa mzima, nyumba husitirika; ukipasuka, vumbi huingia na wadudu hupenya. Ngozi ya mwenye ukurutu ina nyufa tusizoziona: unyevu hutoka, na vitu viudhivyo huingia. Hapo huwasha, mtu hujikuna, na kujikuna kwenyewe huzidisha nyufa na muwasho. Maradhi haya hufuatana sana na pumu katika ukoo mmoja. Si kazi ya wachawi, wala si dalili ya uchafu.

Nchi yetu ya kati huyachochea kwa ukavu wake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, kisha hufuata miezi mingi mikavu, na upepo baridi wa Juni na Julai hukausha ngozi. Sabuni kali, jasho, vumbi, nguo za sufi na wasiwasi wa moyo navyo huchochea. Na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ujenzi umekuwa mwingi. Saruji mbichi nayo huunguza mikono ya waashi, na baadhi yao miili yao huikataa kabisa. Huyo na avae glavu zisizopitisha maji.

Ukurutu wa mtu mzima huja na kwenda. Anayekuuzia dawa ya kuung'oa kwa siku moja anakudanganya. Lakini hutulizwa, na dawa kubwa ni desturi ya kila siku. Oga kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, na sabuni isiyo na manukato. Jifute kwa kubonyeza kitambaa, usisugue. Kisha, kabla ngozi haijakauka, jipake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, nayo ni rahisi kwa bei. Jipake hata siku ambazo huwashwi, kama vile tembe ikandikwavyo kabla ya masika. Kata kucha ziwe fupi.

Muwasho ukipanda, tabibu huweza kukupa dawa ya steroidi. Ni dawa njema kwa mwenye kuijua. Mwaka 1991 matabibu wa Uingereza walieleza kipimo chepesi: kamua dawa mstari mmoja, tangu ncha ya kidole cha shahada hata kiungo chake cha kwanza. Kiasi hicho, kama nusu gramu, chatosha mahali penye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Paka penye ukurutu tu, kwa siku ulizoambiwa. Jihadharini sana na mkorogo, na dawa kali kama klobetasoli zinunuliwazo bila tabibu. Zikitumiwa kwa muda mrefu hukondesha ngozi, na zikipakwa karibu na macho huweza kuyadhuru. Mwenye usaha, homa, au malengelenge yaumayo na kuenea, aende hospitali siku ile ile. Nchi yetu haikukosa wajuzi: huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 pana chuo kinachofundisha tiba ya ngozi, nacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Ama ibada, dini yetu ni nyepesi. Udhu hauhitaji sabuni. Tawadha kwa maji matupu, kisha jipake mafuta. Kupaka dawa juu ya ngozi hakufunguzi saumu. Na mtu ambaye tabibu mwaminifu amemwambia kuwa maji yatamdhuru, amwulize shekhe wake juu ya kutayamamu. Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Al-Awwam kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho, ingawa hariri ni haramu kwa wanaume. Tazameni: hakuwaaibisha, bali aliwapunguzia taabu.

Sisi tulifanya kinyume. Usiku wa nne tulikwenda nyumbani kwa yule mwashi, tukamwomba radhi mbele ya watoto wake. Mkewe akaleta ugali na mlenda katika sinia moja, tukanawa, tukala pamoja naye. Darasani alirejea baada ya siku mbili.

Basi, ndugu msomaji, kama yuko mtu nyumbani mwako au msikitini mwako afichaye mikono yake, wewe ndiwe wa kuanza kumpa mkono.