Je, Wajua? Ndani ya Rangi za Maji Mna Utomvu wa Mgunga

Ndiyo, mgunga. Gundi yake ndiyo inayoushika unga wa rangi kwenye karatasi maji yakishakauka. Nyingi hutoka Sudan, lakini hata Turkana, Samburu na Marsabit wafugaji huibandua kwenye magome wakati wa kiangazi.

Nyeupe kwa kawaida haipakwi. Anayechora mbuzi mweupe kwenye nyanda za Kisaju huiacha karatasi wazi, kisha hupaka rangi pembeni mwake. Akipafunika pale, mwanga umekwenda.

Chumvi ya jikoni nayo ina kazi. Nyunyiza punje chache juu ya rangi iliyo mbichi: kila punje hunyonya maji na kuacha alama kama nyota. Ni njia nzuri ajabu ya kuchora vumbi la Januari.

Na Joy Adamson, yule wa simba Elsa? Kabla ya Elsa alikuwa mchoraji wa rangi za maji. Serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao. Picha zake nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi. Zinastahili nauli ya matatu kutoka Kisaju.