Kupima Nguvu za Mwili kwa Kutembea

Ukitaka kujua urefu wa dawati lako, utachukua rula na kulipima. Ukilipima tena kesho, utapata urefu ule ule. Lakini nguvu za mwili hazipimwi kwa rula. Daktari anayemtibu mgonjwa wa moyo au wa mapafu hutaka kujua kama mgonjwa huyo anapata nafuu au anazidi kudhoofika. Atajuaje?

Njia moja ni kumtembeza. Mgonjwa hutembea kwenda na kurudi katika ujia ulionyooka wenye urefu wa mita 30, kwa muda wa dakika 6. Hakimbii. Akichoka anaweza kusimama apumzike, lakini saa haisimami. Muda ukiisha, mita alizotembea huhesabiwa. Hapo awali madaktari walitumia dakika 12, muda mrefu sana kwa mtu anayehema. Mwaka 1982 madaktari wa Uingereza walionyesha kuwa dakika 6 zinatosha.

Sasa fikiri. Tuseme mgonjwa alitembea mita 360. Akapewa dawa, na baada ya majuma mawili akatembea mita 390. Je, dawa imemsaidia?

Huenda imemsaidia, na huenda haikumsaidia hata kidogo. Mara ya kwanza hakujua dakika 6 ni ndefu kiasi gani, kwa hiyo alitembea kwa kujihadhari. Mara ya pili alikwisha zoea. Watu wengi huenda mbali zaidi wanapopimwa mara ya pili, ingawa miili yao haikubadilika. Ndiyo sababu inafaa mgonjwa apimwe mara mbili tangu mwanzo, na umbali ulio mkubwa ndio uandikwe.

Tena kuna jambo la ajabu. Mwaka 1984 watafiti wa Kanada waliona kuwa mgonjwa akitiwa moyo kwa maneno anapotembea, huongeza kiasi cha mita 30. Maneno matupu! Mgonjwa wetu naye aliongeza mita 30. Kama siku ya pili muuguzi alimshangilia, daktari aweza kuisifu dawa isiyofanya kazi, na mgonjwa akaendelea kuinywa bure. Kwa sababu hiyo maneno ya mpimaji hupangwa kabla, nayo huwa yale yale kwa kila mgonjwa. Wala mpimaji hatembei ubavuni mwa mgonjwa, asije akamharakisha.

Kipimo hutegemeka ikiwa hutoa majibu yanayokaribiana wakati mwili haujabadilika. Tunasema yanayokaribiana, kwa kuwa mwili si dawati.

Jaribuni wenyewe. Pimeni mita 30 kivulini kwa kamba, mkaweke jiwe kila mwisho. Mmoja atembee upesi dakika 6, mwingine ashike saa, wa tatu ahesabu safari. Zidisha safari kwa 30, kisha ongeza mita za safari isiyokamilika. Aliye mgonjwa siku hiyo asitembee, ashike daftari. Kesho yake, saa ile ile, mpimeni tena mwenzenu huyo, wote mkiwa kimya kama siku ya kwanza. Siku ya tatu darasa zima limshangilie. Andikeni umbali wa kila siku. Je, ni siku ipi alikwenda mbali zaidi, na ni nini kilichobadilika siku hiyo?