Mlango wa kiini cha tarakilishi na gharama ya kuulinda

KILA mara unapobonyeza herufi kwenye kibodi, prosesa ya tarakilishi hukatiza kazi iliyokuwa ikifanya na kuingia kwanza katika sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, ambayo huitwa kiini. Programu inapotaka kufungua faili, nayo hulazimika kubisha huko huko.

Mtumiaji haoni lolote kati ya hayo, ilhali usalama wa siri zake hutegemea jinsi mlango huo ulivyojengwa.

Kiini ndicho chenye mamlaka yote. Hugawa kumbukumbu, huendesha diski na kuamua ni programu ipi itangulie. Programu za kawaida hazina ruhusa ya kugusa mitambo hiyo moja kwa moja, na prosesa yenyewe ndiyo inayolinda mpaka. Intel 80386 ya mwaka wa 1985, ambayo Linus Torvalds aliitumia kuanza kuandika Linux mwaka wa 1991, ina ngazi nne za mamlaka. Linux hutumia mbili tu: ya juu kabisa kwa kiini, ya chini kabisa kwa programu.

Programu haijichagulii mahali pa kuingilia. Katika prosesa za jamii hiyo kuna jedwali lenye nafasi 256, na kiini ndicho hujaza humo anwani za milango yake: huu wa hitilafu, kama vile kugawanya nambari kwa sufuri, ule wa taarifa za kibodi au diski. Kwa miaka mingi, Linux ilitenga nafasi ya 128 kwa maombi ya programu.

Hapo mlangoni, kazi ya kwanza ni kuhifadhi mahali programu ilipokuwa imefikia, ili baadaye iendelee kana kwamba haikukatizwa. Kisha kiini huhamia kwenye sehemu yake ya kumbukumbu ya kufanyia kazi, kwa kuwa ile ya programu haiaminiki. Ndipo hukagua nambari ya ombi, na isiyomo katika orodha hurudishwa na ujumbe wa kosa. Maagizo haya ni machache, lakini kosa moja tu hapo laweza kuangusha mfumo mzima.

Safari hiyo hugharimu muda. Pentium II ya mwaka wa 1997 ilileta agizo maalum la kuvuka kwa haraka bila kupitia jedwali. Aidha, ili kuokoa muda zaidi, kiini kiliachwa ndani ya ramani ya kumbukumbu ya kila programu, ila programu ikakatazwa kukisoma.

Katazo hilo ndilo lililovunjwa na udhaifu uliopewa jina Meltdown, uliotangazwa Januari 3, 2018. Prosesa nyingi za Intel, kwa pupa ya kasi, zilisoma data ya kiini kabla ya kumaliza kukagua ruhusa. Matokeo yalitupwa, lakini alama zilibaki katika kumbukumbu ndogo ya kasi, na mdukuzi aliyepima muda wa kusoma aliweza kukisia yaliyokuwamo, hata maneno ya siri.

Bahati nzuri, watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Graz, Austria, walikuwa wamependekeza mwaka wa 2017 kinga iliyofaa: kila programu ipewe ramani isiyo na kiini, ila kipande kidogo tu cha mlango. Sasa anayeingia hubadilishiwa ramani, na anapotoka hubadilishiwa tena. Hifadhidata, ambazo hubisha mlango huo bila kukoma, ndizo zilizoonja zaidi uzito wa gharama hiyo.

Intel ilirekebisha kasoro hiyo katika prosesa zake za baadaye, nazo za AMD hazikuathiriwa na Meltdown. Hata hivyo, anayenunua jijini Nairobi tarakilishi iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Intel ya kabla ya 2018, hana budi kuhakikisha kwamba mfumo wake umesasishwa, kwani kinga hiyo imo katika mfumo wala si katika prosesa.