"Groundwork": Msingi au Kazi ya Kuuweka?
Neno la Kiingereza "groundwork" limeundwa kwa nomino mbili, ardhi na kazi; hivyo hurejelea msingi wenyewe na pia kazi ya kuutayarisha. Aghalabu halina wingi, nalo huandamana na kitenzi chenye maana ya kuweka. Mwaka 1948 H. J. Paton alilitumia kutafsiri "Grundlegung", neno la Kijerumani lililomo katika anwani ya kitabu cha Kant cha 1785, ambalo hutaja tendo la kuweka msingi. Kwa hiyo, kulifasiri kila mara kuwa "msingi" hupotosha. Ikiandikwa kuwa wajumbe wameweka msingi wa mazungumzo ya amani, msomaji hudhani kanuni zimekwisha kukubaliwa, ilhali pengine wamekutana kuandaa ajenda tu. Panapokusudiwa kazi, "maandalizi ya awali" yafaa zaidi. Panapokusudiwa matokeo, "msingi" watosha.