« Eventually » si « éventuellement »: mtego katika muhtasari wa memwari

Huko Goma, Bukavu ao Butembo, mwanafunzi anayeandika memwari kwa Kifaransa mara nyingi anaongeza muhtasari wa Kiingereza. Hapo ndipo mtego ulipo. Tuseme anataka kueleza kwamba wakimbizi wa ndani pengine watarudi vijijini: « éventuellement ». Anaandika « eventually », na msomaji wa Kampala anaelewa kwamba hatimaye watarudi. Shaka imegeuka hakika, na kuna anayeweza kupanga misaada juu yake! Neno alilohitaji ni « possibly ». « Actually » nayo ni « kwa kweli », haisemi lolote juu ya wakati wa sasa. Kwa hiyo kuna « currently ». Na aliyehudhuria mkutano aandike « attend », maana « assist » ni kusaidia.